Kutambua Nakshi ya Chombo cha Kale cha Kioo cha Kuchongwa: Mwongozo Kamili

Anayeshika bakuli la kale la kioo kilichochongwa, akaona nyota kubwa imekaa ubavuni, mara nyingi huanza kusaka jina la nyota hiyo. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Nyota ya ncha 16 ilichongwa na viwanda vingi, ndani ya nakshi nyingi zisizohusiana. Nakshi ni mpangilio mzima: nyota ya aina gani, ina ncha ngapi, imezungukwa na nini, pengo kati yake na nyota ya jirani limejazwa nini, na mpango huo unajirudia mara ngapi kuzunguka chombo. Kwa hiyo jina huja mwisho. Kinachotangulia ni kukieleza chombo kwa usahihi, hadi mtu ambaye hajakiona aweze kukichora.

Mwongozo huu unahusu hasa kioo kizito cha Marekani, kile ambacho wakusanyaji hukiweka kati ya mwaka 1876, wakati wa maonyesho makubwa ya Philadelphia, na takriban 1917. Hicho ndicho kipindi ambacho viwanda vilishindana kwa nakshi zenye majina, katalogi zenye michoro na hataza za ubunifu (haki rasmi za mbunifu kumiliki kazi yake), kwa hiyo ndicho kipindi ambacho kutafuta jina kuna faida. Kioo cha Uingereza na Ireland cha kabla ya hapo mara nyingi hutambuliwa kwa umbo, kipindi na namna ya kuchongwa kuliko kwa jina la nakshi.

Vifaa

Huhitaji maabara. Tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara 10, tochi ndogo yenye mwanga mwembamba, kitambaa cheusi kisichong'aa, rula au kalipa, karatasi nyembamba, penseli laini ya 2B au zaidi, utepe wa karatasi unaobanduka bila kuacha gundi, na daftari. Tochi ya urujuanimno (UV) ya mawimbi marefu husaidia, lakini si ya lazima. Simu yenye kamera inatosha kwa picha.

Safisha kwanza, na usafishe polepole

Mafuta na vumbi vilivyokaa kwenye mifuo, yaani mistari iliyochimbwa kwenye kioo, hufuta tofauti unazozitafuta. Mfuo mwembamba ukijaa uchafu, wavu wa mistari huonekana kama eneo lenye ukungu, nawe utaandika kitu ambacho hakipo.

Tandika taulo ndani ya beseni la plastiki. Vua pete na saa. Tumia maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni laini, kisha pitisha mswaki wa nywele laini kwa kufuata mwelekeo wa mfuo. Chombo kilichotoka mahali pa baridi kiache kwanza kipate joto la chumba. Kioo hiki ni kinene na unene wake haulingani kila mahali, hivyo maji ya moto hutanua upande mmoja kabla ya mwingine na chombo hupasuka, wakati mwingine kwa mstari mmoja kutoka ukingo hadi kitako. Kwa sababu hiyohiyo, mashine ya kuosha vyombo ni marufuku. Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kama kuna kizibo kilichokwama, kiache kama kilivyo kwa sasa; utambuzi wa nakshi hauhitaji kizibo kitoke.

Hatua ya kwanza: hakikisha kimechongwa kweli

Kioo cha kalibu, yaani kilichoumbwa ndani ya kalibu kikiwa cha moto, kikaigiza nakshi za kuchongwa, kilitengenezwa kwa wingi sana, na kina majina yake na vitabu vyake. Ukikosea hapa, kila hatua inayofuata itakuwa bure.

Pitisha ncha ya kidole taratibu kwenye kingo za mifuo. Kingo zilizochongwa ni kali, wakati mwingine zinakwaruza. Za kalibu ni butu, kwa kuwa kioo cha moto hakiwezi kujaza kona kali kikamilifu. Tafuta mshono wa kalibu, mstari mwembamba ulioinuka unaoshuka ubavuni au unaozunguka kitako. Mshono ukionekana, chombo ni cha kalibu. Usipouona, bado hujathibitisha lolote, maana mshono unaweza kung'arishwa ukapotea.

Kipimo tunachokiamini zaidi ni kulinganisha vipengele vinavyojirudia. Chukua nyota mbili zilizo pande tofauti za chombo, uziangalie kwa lenzi mahali mifuo miwili inapokutana. Mchongaji aliyeshika chombo mkononi mbele ya gurudumu hakuweza kuisimamisha mifuo yote kwenye nukta moja kila mara: mfuo mmoja unapita nusu milimita, mwingine unaishia mapema kidogo. Makosa haya madogo hutofautiana kutoka nyota hadi nyota. Kwenye kioo cha kalibu, makosa yakiwepo hurudi yaleyale kwenye kila chombo kilichotoka kwenye kalibu hiyo.

Kugonga ukingo na kusikiliza mlio ni kipimo dhaifu. Bakuli pana la kioo chenye madini ya risasi hulia vizuri, lakini chupa yenye mdomo mwembamba au sahani nene inaweza kutoa mlio mfupi hata kama risasi imejaa. Uzito nao unapotosha, kwa sababu kioo kinene kisicho na risasi pia ni kizito.

Kuna aina ya katikati inayowachanganya hata wazoefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya viwanda vilianza kutumia vyombo ghafi, yaani ambavyo bado havijachongwa, lakini ambavyo mistari mikuu ilikwishapigwa ndani ya kalibu, kisha mchongaji akaipitia tu kwa gurudumu na kuongeza mistari midogo. Ilipunguza gharama, nayo ilipunguza ubora. Utaitambua kwa kuangalia chini kabisa ya mfuo mkubwa: mahali gurudumu halikufika, sakafu ya mfuo ni ya duara na ina mawimbi madogo, wakati kuta zake zimekatwa safi. Chombo cha namna hii bado kinaweza kuwa na nakshi yenye jina, ila kiandike hivyo waziwazi.

Hatua ya pili: kipige picha na mwanga sahihi

Tatizo kubwa la kioo ni kwamba unaona pande zote mbili kwa wakati mmoja. Nakshi ya upande wa nyuma huonekana kupitia ule wa mbele, na macho huunganisha mistari isiyoungana. Jaza kitambaa cheusi ndani ya bakuli au jagi hadi kiguse ukuta wa ndani. Kwa sahani, iweke moja kwa moja juu ya kitambaa. Zima taa ya juu, kisha leta mwanga mmoja kutoka ubavuni kwa mwinuko mdogo, karibu nyuzi 20 hadi 30. Mifuo itaonekana kwa kivuli chake badala ya mng'aro.

Piga picha nne angalau: fungu moja kamili la nakshi (sehemu moja ya mpango unaojirudia) likiwa limeelekea kamera moja kwa moja, kitako kutoka chini, ukingo kutoka juu, na chombo kizima kwa ajili ya umbo. Simama mbali kidogo na ukuze picha. Ukisogeza simu karibu sana, lenzi yake pana huvuta nyota ya katikati ikaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Penseli bado inashinda kamera kwenye mambo mawili. Weka karatasi nyembamba juu ya fungu moja, ishikilie kwa utepe, kisha sugua kwa ubavu wa penseli bila kukandamiza. Kila kilichoinuka kitatoka cheusi na kila mfuo utabaki mweupe, kwa vipimo halisi. Mchoro huo ndio utakaouweka kando ya picha ya katalogi.

Hatua ya tatu: gawanya chombo

Zungusha chombo hadi uone ni wapi mpango unaanza upya. Bandika kipande cha utepe hapo, zungusha tena, hesabu mafungu. Bakuli nyingi zina mafungu 4, 5, 6 au 8. Wakati mwingine mafungu mawili hupokezana: nyota, kisha duaradufu yenye ncha mbili, kisha nyota. Hapo andika kwamba fungu moja lina sehemu mbili, wala usihesabu kila sehemu kama fungu.

Kisha tenganisha ngazi nne. Kuna kipengele kikuu kinachovuta jicho. Kuna mifupa, yaani mifuo mirefu ya V inayogawa uso wa chombo. Inaweza kuwa imenyooka au imepinda. Kuna vijazo kati ya mifupa. Mwisho kuna ukingo na kitako, ambavyo mara nyingi vina mpango wao wenyewe.

Wanaoanza huganda kwenye kipengele kikuu. Sisi tunashauri uanze na mifupa, kwa sababu mifupa ndiyo iliyochorwa kwanza kiwandani. Mchongaji alipewa chombo ghafi kilichowekwa alama kwa rangi, akakata mifuo mikuu kwenye gurudumu la chuma lililomiminiwa mchanga na maji, na ndipo mistari midogo ikafuata kwenye gurudumu la jiwe. Mbunifu aliyetaka kutofautisha kazi yake na ya jirani aliichezea mifupa. Nyota kila mbunifu alikuwa nazo.

Mifupa pia inasaidia kukadiria umri. Nakshi iitwayo Parisian, ambayo John S. O'Connor aliipatia hataza mwaka 1886 akiwa na kampuni ya Dorflinger, hutajwa kuwa ndiyo iliyoanzisha mifuo mikuu iliyopinda katika kioo cha Marekani. Kabla yake mistari mikuu ilikuwa imenyooka. Chombo cha Marekani chenye mifuo mikuu iliyopinda kwa upana kina uwezekano mdogo wa kuwa kimetangulia miaka hiyo.

Hatua ya nne: tambua vipengele bila kuvichanganya

Vipengele vya msingi si vingi. Ugumu upo kwenye vile vinavyofanana.

Tuanze na nyota, kwa kuwa makosa mengi yanatokea hapo. Nyota ya kitovu, ambayo katalogi za Marekani huiita hobstar, ina sehemu ya katikati iliyoinuka yenye pande nyingi, na ncha zake zimetokana na mifuo inayokatizana. Ichunguze kwa lenzi. Kila mfuo ni mstari mmoja ulionyooka unaotoka ncha moja, unapita kando ya kitovu, na kuishia kwenye ncha nyingine upande wa pili. Hakuna mfuo unaopita katikati kabisa, na ndiyo maana katikati hubaki pameinuka. Kwenye nyota ya ncha 8 mifuo ni 8, kila mmoja ukiunganisha ncha moja na ya tatu kutoka kwake, na kitovu hutoka na pande 8. Hapa unapata njia nzuri ya kujihakiki: idadi ya pande za kitovu lazima ilingane na idadi ya ncha. Ukihesabu ncha 15 na pande 16, umeruka ncha moja.

Nyota ya miale ni tofauti kabisa. Mifuo yake hukutana katikati, hakuna kitovu, na makazi yake ya kawaida ni kitako. Nyota ya kititia ina mikono iliyopinda upande mmoja kana kwamba inazunguka. Ilishamiri mwanzoni mwa karne ya 20 na imeendelea kuchongwa kwa wingi kwenye vioo vya Ulaya ya Mashariki hadi zama za karibuni. Ukiona kititia ndicho kipengele kikuu, ongeza tahadhari kabla ya kusema chombo ni cha miaka ya 1880.

Kitovu chenyewe hakiko kitupu. Huenda kikawa bapa na kung'aa, kikachanjwa wavu, kikabeba nyota ndogo ya mistari, au hata nyota nyingine ya kitovu iliyo kamili. Andika unachokiona, kwa sababu nakshi mbili zinaweza kutofautiana hapo tu.

Kundi la pili linalosumbua ni la almasi. Wavu mtupu ni mistari myembamba inayopishana juu ya eneo bapa. Ukigusa ni kama kitambaa kikavu. Almasi ya stroberi ni almasi kubwa zilizotenganishwa na mifuo ya kina, kila moja ikiwa na kichwa bapa, na juu ya kichwa hicho umepigwa wavu. Almasi za piramidi hazina kichwa bapa: mifuo imeingia ndani hadi kila almasi imekuwa ncha, na zinachoma kidole. Picha ya kawaida ya mtandaoni haikuonyeshi tofauti hii. Kidole na lenzi hukuonyesha papo hapo.

Kundi la tatu lina jina kubwa. Nakshi ya Russian ilipatiwa hataza mwaka 1882 na Philip McDonald, mbunifu wa T. G. Hawkes wa mji wa Corning, jimbo la New York. Mwaka 1891, wakati wa Rais Benjamin Harrison, Ikulu ya Marekani iliagiza vyombo vya nakshi ya aina hiyo kutoka Dorflinger, vikiwa vimeongezewa nembo ya taifa. Uso mzima wa chombo umejaa vifungo vya pande nane, yaani vinundu vilivyoinuka kama vifungo vya nguo, na kati yake zimesimama nyota za piramidi zenye ncha kali. Nakshi ya msuko, inayofanana na viti vya kusukwa, nayo ina vifungo, ila kati ya vifungo hivyo mna mifuo miwili miwili sambamba inayokatizana na jirani zake, bila nyota ya piramidi iliyokamilika. Ukiwa na shaka, chagua kifungo kimoja uangalie kilichomo kwenye pande zake nne: nyota au makutano tu?

Russian yenyewe ina matoleo, na yote yanategemea juu ya kifungo. Kifungo kitupu kinachong'aa, kifungo chenye nyota rahisi, na kifungo chenye nyota ya kitovu ni matoleo tofauti yenye majina tofauti kwenye katalogi. Tazama vifungo vya katikati ya uso wala si vya pembeni, kwani karibu na ukingo mchongaji alibanwa na nafasi akarahisisha.

Vipengele vingine ni rahisi. Kipepeo (cha kujipepea, si mdudu) ni mifuo inayotoka nukta moja na kutanuka. Hesabu mistari yake, kwa kawaida 5, 7 au 9. Jicho ni duara lililobonyea na kung'aa. Duaradufu yenye ncha mbili huundwa na mifuo miwili iliyopinda inayokutana juu na chini. Mfuo uliochanjwa meno ni mfuo wa V ambao kingo zake zimepigwa pengo baada ya pengo, na hupatikana sana shingoni mwa majagi na chupa.

Hatua ya tano: hesabu na uandike

Bandika kipande kidogo cha utepe kando ya ncha ya kwanza ya nyota, hesabu kuelekea upande mmoja, kisha rudia kwa kuhesabu kuelekea upande wa pili. Majibu yakitofautiana, hesabu pande za kitovu. Nyota nyingi za kitovu zina ncha 8, 12, 16, 20, 24 au 32. Ukipata namba isiyogawanyika kwa 2, hesabu tena kabla ya kuiamini.

Maelezo yako yawe mafupi na yenye mpangilio uleule kila mara, ili vyombo viweze kulinganishwa. Tuseme una bakuli. Andiko lake linaweza kuwa hivi:

Bakuli la duara, kipenyo sm 20, urefu sm 9, unene wa ukingo mm 7. Mafungu 4. Mifupa: mifuo ya V iliyopinda, inapishana juu ya kitako. Kikuu: nyota ya kitovu, ncha 16, kitovu kina nyota rahisi ya ncha 8. Kati ya nyota: duaradufu yenye ncha mbili iliyojazwa wavu. Juu ya duaradufu: kipepeo cha mistari 7. Chini: almasi ya stroberi, safu 2. Ukingo: mawimbi 12, kila wimbi lina meno 5. Kitako: nyota ya kitovu, ncha 24.

Mtu akisoma hayo anaweza kuchora. Linganisha na "bakuli zuri lenye nyota na almasi", maelezo yanayofaa kwa maelfu ya vyombo.

Ukingo una mtego wake. Ukingo uliopata pengo mara nyingi husagwa upya, na meno yanapungua kina au yanatoweka. Dalili ziko mbili: kipepeo kinachopaswa kuishia na ncha zilizokamilika kinakatwa ghafla kwenye ukingo, au wimbi moja liko chini ya wenzake kwa milimita moja au mbili. Ukiona hivyo, usitumie ukingo kama ushahidi, na urefu uliopima uandike kwamba umepungua.

Hatua ya sita: tafuta alama ya kiwanda

Vyombo vingi sana havina alama yoyote, na kukosekana kwake hakupunguzi lolote. Alama za asidi, yaani zilizoandikwa kwenye kioo kwa asidi, zilienea kuanzia miaka ya 1890. Ni ndogo, za kijivu hafifu, na huonekana tu mwanga ukizipiga kwa pembe fulani. Shika chombo chini ya taa moja, kiinamishe polepole, na utazame kwenye sehemu zilizo laini: katikati ya sakafu ya ndani ya bakuli, juu ya mkono wa jagi au pale unapoungana na mwili, juu ya mguu wa glasi yenye shina, chini ya bilauri. Kupumulia kioo kwa pumzi ya joto husaidia, kwani mvuke hushika tofauti mahali asidi ilipokula.

Libbey wa Toledo, jimbo la Ohio, walitumia jina lao kwa mwandiko wa mkono juu ya upanga. Hawkes walitumia umbo la majani matatu lenye mwewe wawili ndani. Egginton walikuwa na mwezi mchanga na nyota. Sinclaire waliweka herufi S ndani ya shada la majani. J. Hoare waliandika jina lao kwenye duara pamoja na mwaka 1853 na jina la Corning. Namba hiyo 1853 imewapotosha watu wengi: kampuni iliihesabu kama mwanzo wake, na chombo chenye alama hiyo huwa kimetengenezwa miongo kadhaa baadaye.

Alama inakuambia aliyechonga. Haikuambii nani aliyepuliza kioo, na kinyume chake pia ni kweli. Hawkes kwa miaka mingi walichonga vyombo ghafi kutoka Corning Glass Works, na Dorflinger waliwauzia wachongaji wengine vyombo ghafi vyao. Umbo moja la jagi linaweza kuwa na nakshi za viwanda vinne, kwa hiyo usiseme "umbo hili ni la fulani, basi nakshi ni yake".

Alama pia hughushiwa, kwa muhuri wa mpira na dawa ya asidi. Iangalie kwa lenzi: alama ya zamani imepitiwa na mikwaruzo ya matumizi. Alama iliyokaa juu ya mikwaruzo, ikiwa nyeupe na yenye kingo nzito, imewekwa baadaye.

Hatua ya saba: linganisha na katalogi na hataza

Sasa ndipo unapotafuta jina. Kama una alama, anza na katalogi za kiwanda hicho pekee. Kama huna, anza na mifupa na idadi ya mafungu, halafu kipengele kikuu. Nyingi za katalogi za kale zimechapishwa upya na wakusanyaji, na maktaba ya makumbusho ya kioo ya Corning, iitwayo Rakow, ina mkusanyiko mkubwa wa katalogi za asili. Chama cha wakusanyaji wa kioo cha kuchongwa cha Marekani nacho hutunza katalogi na orodha za nakshi kwa wanachama wake.

Picha ya katalogi soma kwa uangalifu. Mara nyingi inaonyesha nakshi kwenye chombo kimoja tu, na chombo chako kinaweza kuwa kingine. Nakshi yenye mafungu 6 kwenye bakuli la sm 25 inaweza kubaki na mafungu 3 kwenye bilauri, na nyota ya ncha 24 ikashuka kuwa ya 12 kwenye kichombo kidogo cha chumvi. Uhusiano kati ya vipengele haubadiliki: nini kiko kando ya nini, nini kimejaza nini, mifuo inapishana wapi. Linganisha uhusiano kwanza, idadi baadaye. Vyombo viwili vikiwa vya umbo moja na ukubwa mmoja, hapo idadi nayo lazima ilingane.

Hataza za ubunifu za Marekani zinapatikana mtandaoni bure, lakini zile za zamani hazitafutiki vizuri kwa maneno. Tafuta kwa namba, ukitanguliza herufi USD. Namba zenyewe huorodheshwa kwenye vitabu vya wakusanyaji. Mchoro wa hataza huonyesha kipande cha nakshi, mara nyingi kwenye sahani ya duara, na maandishi yake hueleza ni sehemu ipi mbunifu anaidai kuwa yake. Sehemu hiyo ndiyo kiini. Kama chombo chako hakina kipengele kilichodaiwa, si nakshi hiyo, hata kama mengine yote yanafanana.

Zingatia pia kwamba hataza ya ubunifu ilidumu miaka 3 na nusu, 7 au 14, kutegemea ombi. Ilipokwisha, kila mtu alikuwa huru kuchonga. Ndiyo maana Russian ilitoka kwenye viwanda vingi, na kusema "ni Russian, basi ni ya Hawkes" ni kosa. Nakshi ya almasi ya stroberi na kipepeo ilikuwa ya kila mtu tangu mwanzo. Hapo hutapata mchongaji kwa nakshi pekee. Mwaka wa hataza nao ni mwanzo wa nakshi, si tarehe ya chombo.

Utakutana pia na majina yaliyobuniwa na wakusanyaji wa karne ya 20 kwa nakshi ambazo jina lake la kiwandani lilipotea. Yanafaa kwa mazungumzo, ila kwenye daftari lako yatofautishe na ya katalogi.

Hatua ya nane: pima umri kabla ya kuandika jina

Nakshi sahihi inaweza kuwa kwenye kioo kipya. Angalia kitako kwa lenzi. Chombo kilichotumika miaka mingi kina mikwaruzo ya pande zote, mifupi na mirefu, hasa pale panapogusa meza. Mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, au iliyopo hata sehemu zisizogusa meza, imetiwa kwa sandapepa.

Angalia pia mng'aro wa mifuo. Kazi za awali ziling'arishwa kwa gurudumu la mbao na unga laini, nazo huacha mistari hafifu sana chini ya mfuo. Baadaye, viwanda vilitumbukiza vyombo kwenye asidi ili kupata mng'aro kwa haraka, na kingo zikalainika kidogo, zikawa kana kwamba zimepakwa nta. Gurudumu la kisasa la almasi mara nyingi huacha mistari sambamba iliyo sawasawa mno, hasa pale mng'arishaji alipofanya haraka.

Chini ya tochi ya urujuanimno ya mawimbi marefu, kwenye chumba cheusi, kioo kingi cha zamani kilichotiwa manganizi hutoa mwanga hafifu wa kijani au wa njano-kijani. Chukua hilo kama dalili ya nyongeza. Mchongaji wa leo anaweza kuongeza nakshi kwenye chombo cha zamani kilichokuwa kitupu, na kioo kitang'aa vilevile. Mfuo mpya kwenye kioo cha zamani huweza kujitokeza kwa kukata mikwaruzo ya zamani: mkwaruzo unafika kwenye kingo za mfuo, unapotea, kisha unaendelea upande wa pili.

Kama vipimo hivi vinakuelekeza kwenye kioo cha baadaye, badilisha katalogi. Waterford ya Ireland, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1783, ikafungwa 1851, ikafufuliwa 1947. Nakshi yake maarufu ya Lismore ilibuniwa na Miroslav Havel mwaka 1952, kwa hiyo haiwezi kuwa ya karne ya 19 kwa namna yoyote. Vyombo vya kiwanda kilichofufuliwa kwa kawaida vina jina la Waterford limeandikwa kwa asidi chini ya kitako, na hapo orodha za nakshi za kiwanda zitakufikisha haraka.

Namna ya kuandika matokeo

Tumia viwango vitatu. Andika jina la nakshi na la kiwanda pale tu ambapo mpangilio wote unalingana na katalogi au hataza na kuna alama, au kuna katalogi ya kiwanda hicho inayoonyesha umbo lilelile kwa nakshi ileile. Andika jina la nakshi bila kiwanda pale ambapo mpangilio unalingana lakini ilichongwa na wengi. Andika "inakaribiana na" pale ambapo kipengele kimoja hakilingani, na utaje ni kipi: kitovu, kijazo, idadi ya mistari ya kipepeo. Kiwango hicho cha tatu usikionee haya. Maelezo yaliyotaja tofauti yanaweza kukutana na katalogi sahihi mwaka kesho. Jina la kubahatisha likishaandikwa kwenye tangazo la mauzo hunakiliwa na wauzaji wengine, na kulifuta ni kazi ngumu kuliko kulitafuta.

Hifadhi pamoja mchoro wa penseli, picha nne, vipimo, na andiko la fungu. Karatasi hizo zisikae ndani ya chombo chenyewe. Wino na unyevu huacha madoa kwenye mifuo myembamba ambayo hata mswaki haufiki.